Mteja Hakufuata Tabasamu

Semina za huduma kwa wateja zote nilizokaa zilianza sehemu moja. Mwezeshaji anawasha projekta, anasalimia kwa bashasha, na kabla watu hawajakaa vizuri ameshataja mambo mawili: tabasamu na asilimia 93. Hilo la pili hutamkwa kwa kujiamini sana. Eti maneno yenyewe hubeba asilimia 7 tu ya ujumbe, sauti asilimia 38, na uso pamoja na mwili asilimia 55. Watu wanaandika, wanapiga makofi, na Jumatatu wanarudi kazini wakiamini kwamba ukikaa vizuri na kung'aa uso, umeshahudumia.

Takwimu hizo zinatokana na kazi za mwanasaikolojia Albert Mehrabian, zilizochapishwa mwaka 1967, na hazikuhusu kaunta wala simu ya ofisini. Washiriki walisikilizishwa neno mojamoja likitamkwa kwa sauti tofauti, wakaonyeshwa na picha za nyuso, halafu wakaulizwa kama msemaji anaelekea kumpenda au kumchukia anayeambiwa. Basi. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu yake inahusu mtu anapozungumzia hisia zake, na haifai kubebwa nje ya hapo. Anayebisha ajaribu kumweleza mteja, kwa uso na mikono peke yake, kwamba malipo yake yamerudi kwa sababu jina la kwenye fomu halilingani na la kwenye kitambulisho.

Sisemi watu wanune. Ukarimu ni jambo jema na anayemfokea mteja hana udhuru. Ninachosema ni kwamba sehemu kubwa ya huduma mbovu niliyoiona haikuletwa na watu wenye roho mbaya. Ililetwa na mtu mwema aliyekaa mbele bila kujua chochote, kwa sababu walio nyuma yake hawakumwambia. Na hapo ndipo pesa za semina zinapopotea: tunamfundisha wa mbele namna ya kuongea, tunasahau kumpa cha kuongea.

Imani kwamba sauti tamu ni dawa ina umri mrefu. Simu zilipoanza kule Marekani, kazi ya kuunganisha wapigaji walipewa vijana wa kiume waliozoea ofisi za telegrafu, nao wakawa wanawatukana wateja na kuwafanyia mizaha. Tarehe 1 Septemba 1878, mjini Boston, akaajiriwa Emma Nutt, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza kufanya kazi hiyo. Upole wa sauti yake uliwapendeza wateja, na baada ya muda wasichana wakachukua nafasi za wavulana. Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa sauti, nami naona kimesimuliwa nusu. Mtu aliyenyanyua simu alitaka kuunganishwa na mwenzake. Angepokewa kwa upole kila mara na asiunganishwe, wiki ya pili angeanza kutukana yeye.

Niliwahi kukaa kwenye benchi la mapokezi ya ofisi moja ya kutengeneza kompyuta, nikingoja zamu yangu. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa makamo, ana risiti iliyokunjwa mkononi.

"Habari yako kaka. Nimekuja kuulizia ile kompyuta yangu."

"Karibu sana mama. Bado."

"Bado nini?"

"Haijawa tayari."

"Imekwama wapi?"

"Iko kwa fundi, mama."

"Na fundi anasemaje?"

Kijana aligeuka akautazama mlango wa nyuma, kisha akamrudia. "Njoo keshokutwa mama. Pole sana kwa usumbufu."

Adabu zote alikuwa nazo. Aliinuka kitini, alitabasamu, aliomba radhi. Mama akaikunja risiti yake tena akaondoka. Muda si muda fundi akatoka kuchukua chaja, na kijana akamuuliza. Akajibiwa hapohapo, tena kwa sauti ya kawaida kabisa: kioo kilicholetwa siyo cha aina ile, kimeagizwa kingine, kitachukua wiki mbili hivi. Lini hayo yamejulikana? Tangu Ijumaa. Kati ya meza ya fundi na kaunta kulikuwa na mlango mmoja tu, tena wazi.

Sasa fuatilia yatakayotokea. Mama atakuja keshokutwa, ataambiwa bado. Atakuja tena. Safari ya tatu au ya nne atapaza sauti, na pale ofisini ataingia kwenye kundi la wateja wakorofi, wale ambao wafanyakazi wakiwaona mlangoni wanasukumana nani akawahudumie. Ukorofi huo ametengenezewa palepale.

Jibu alilostahili ni fupi: "Mama, kioo kilichokuja siyo chenyewe. Tumeagiza kingine, tunategemea wiki mbili. Usijisumbue kuja kabla ya hapo. Alhamisi ijayo nitakupigia, hata kama hakijafika." Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachokosekana maofisini. Wengi wetu tunaamini kwamba simu kwa mteja hupigwa kukiwa na habari njema, kwa hiyo kukiwa hakuna jipya tunakaa kimya. Yeye upande wa pili anausoma ukimya huo kwa namna moja tu: amesahauliwa. Kumpigia kumwambia "bado, lakini tunafuatilia, nitakutafuta tena Jumanne" hakumpi kompyuta yake, ila kunamwondolea kazi ya kufuatilia, na kazi hiyo ndiyo inayomchosha kuliko kungoja kwenyewe.

Mtaalamu wa masuala ya biashara David Maister aliliandika hili mwaka 1985, alipochambua saikolojia ya kusubiri. Alionyesha kwamba kungoja usikojua mwisho wake huonekana kurefu kuliko kungoja kwenye muda unaofahamika, na kungoja bila maelezo huonekana kurefu kuliko ukiwa umeelezwa sababu. Saa inaweza kuwa ileile. Ndiyo maana tangazo la "tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza" linakera watu badala ya kuwatuliza: halisemi ni usumbufu gani, wala utaisha lini.

Wahudumu wana hoja yao, na siyo ya kupuuza. Wanaogopa kutaja tarehe kwa sababu tarehe inafunga. Nikisema wiki mbili na zisitimie, si nitaonekana mwongo? Naam, ukinyamaza mpaka siku yenyewe. Ila ukimwambia siku tatu kabla kwamba kazi itachelewa, utaonekana mtu anayejua kazi yake. Kinachovunja heshima mara nyingi ni mteja kugundua mwenyewe.

Tatizo la pili liko kwenye kulainisha ujumbe, nalo linatoka ndani kabisa, kati ya wafanyakazi wenyewe. Mfano mzito kuliko yote ninayoijua ni wa tarehe 25 Januari 1990. Ndege ya shirika la Avianca, safari namba 52, kutoka Kolombia kwenda New York, ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja kwa sababu ya hali mbaya ya hewa na msongamano. Mafuta yakawa yanakwisha. Marubani waliwaeleza waongozaji wa ndege walioko ardhini kwamba wanahitaji kipaumbele, na baadaye kwamba wanaishiwa mafuta, lakini hawakutangaza dharura, na tangazo hilo ndilo ambalo lingewafanya waongozaji waache mengine yote. Walipojaribu kutua mara ya kwanza wakashindwa, rubani mkuu alimwagiza msaidizi wake awaambie wana dharura. Msaidizi akayarudia kwanza maelekezo ya kugeuka aliyopewa, ndipo akachomekea kwamba watajaribu tena na kwamba wanaishiwa mafuta. Hata mwongozaji alipouliza kama mpango wa kuwarudisha ni sawa kwa mafuta waliyo nayo, jibu lilikuwa la mtu mstaarabu: nadhani ni sawa, ahsante sana. Ndege ilianguka Cove Neck, nje ya jiji la New York, kabla ya kufika uwanjani. Kati ya watu 158 waliokuwemo, 73 walifariki.

Ofisini hakufi mtu, mara nyingi, lakini njia ya ujumbe ni hiyohiyo. Fundi anasema, "Waambie vifaa vimekwisha, kesho hatufanyi kazi." Msimamizi wa zamu anampelekea meneja: "Kuna upungufu wa vifaa." Meneja anamwambia mkurugenzi: "Kuna changamoto kidogo, tunaifanyia kazi." Mkurugenzi aliyesikia "kidogo" anaendelea na kikao chake, na kesho asubuhi kijana wa mapokezi anakabiliana na wateja waliopanga foleni kwa kazi isiyoweza kufanyika. Kila mmoja kwenye mlolongo huo alikuwa anatunza heshima. Aliyebebeshwa aibu ni yule wa chini kabisa, ambaye wala hakuwepo kwenye maongezi hayo.

Nidhamu moja ya marubani inafaa kuibwa na kila mwenye kaunta: rubani akipewa agizo hulirudia, ili aliyelitoa asikie kama limeeleweka. Haina gharama. "Kwa hiyo mama, inazima ikifika nusu ya chaji, na hutaki mafaili ya ndani yaguswe. Ndivyo?" Nusu dakika. Nimeona ugomvi wa wiki nzima ambao ungezimwa na nusu dakika hiyo, mteja akiapa alisema hivi na mhudumu akiapa alisikia vile, na kwenye fomu pameandikwa "shida ya umeme".

Fomu nayo ina mengi. Mtu anaeleza tatizo lake kwa wa mapokezi, anapelekwa kwa wa kitengo, anaanza upya, wa kitengo zamu yake inaisha, anakuja mwingine, "ehee, tatizo ni nini?" Ukitaka kumpandisha mtu hasira bila kumtukana, mrudishe mwanzo wa hadithi yake. Anaelewa papo hapo kwamba yote aliyosema yalimwagwa. Dawa yake ni kuandika: nini kimelalamikiwa, nini kimeshajaribiwa, mteja ameahidiwa nini na nani, hatua inayofuata ni ipi. Mistari minne ya mtu anayekabidhi zamu. Na iandikwe mahali ambapo kila mmoja anapaona, siyo kwenye simu binafsi ya mfanyakazi ambaye kesho yuko likizo.

Kuhusu "mteja ni mfalme" sitakaa sana. Msemo wa aina hiyo umehusishwa na wafanyabiashara wakubwa kama Marshall Field, Harry Gordon Selfridge na César Ritz, nao walikuwa na sababu zao enzi hizo, mnunuzi alipokuwa akiachwa ajitetee mwenyewe. Leo unatumika zaidi kumnyamazisha mfanyakazi. Mteja anaweza kukosea, na anaweza kutukana. Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild, aliyewachunguza wahudumu wa ndege, alieleza kwamba kuzipanga hisia zako zifanane na matakwa ya mwajiri ni kazi kama kazi nyingine, ina gharama yake, na gharama hiyo anaibeba mfanyakazi. Nikimwona mhudumu anayetabasamu mbele ya mtu anayemdhalilisha, huku meneja amejifungia ofisini, simsifu meneja huyo kwa kuwa na timu nzuri. Atoke aje apokee hilo suala. Mamlaka ya kusema "mzee, nitakusaidia, lakini usinitukane" hayapaswi kuombewa kibali.

Vivyo hivyo na mamlaka ya kuamua vitu vidogo. Mhudumu asiyeruhusiwa kubadilisha bidhaa yenye kasoro iliyo wazi, wala kurekebisha herufi moja ya jina bila sahihi ya mtu aliye safarini, mnamwonea mnapomlaumu kwamba hawasaidii watu. Atawasaidia kwa kitu gani?

Halafu kuna suala la vipimo, ambalo nadhani ndiyo mzizi wa mengi. Vituo vingi vya simu hupima wastani wa dakika za kila mazungumzo, na mfanyakazi anajua namba yake inatazamwa. Kwa hiyo anajibu haraka, anasema "tumelipokea, litashughulikiwa," anaaga kwa jina la mteja kama alivyofundishwa, anakata. Mteja anapiga tena kesho yake kwa shida ileile, na kwenye ripoti hiyo ni simu mpya iliyopokelewa na kumalizwa ndani ya muda. Mwisho wa mwezi huyo aliyekata mapema anapongezwa, na mwenzake aliyekaa na mtu mpaka tatizo likaisha anaitwa kueleza kwa nini simu zake ni ndefu.