Geji au milimita: bati unalonunua lina unene gani?

Kila anaejenga Unguja au Pemba kashakutana na hili, unaingia duka la vifaa unauliza bati unaambiwa ipo geji 28 na ipo geji 30, na wapo wanaochukua 30 wakidhani namba kubwa ndio bati zito. Kumbe kinyume chake. Namba ikipanda unene unashuka, kwa sababu hesabu hii ilianza kwa wavuta waya, kila waya ukipitishwa kwenye tundu jembamba zaidi ndio namba yake inaongezeka.

Geji ina faida yake, nakubali. Mtu wa Wete akipiga simu Mwanakwerekwe akasema "nataka 28" anaeleweka hapohapo, hakuna cha sifuri nukta ngapi. Na kama unalinganisha mabati mawili ya kiwanda kimoja basi inatosha kabisa.

Lakini geji sio kipimo kimoja jamani. Kwa jedwali la Uingereza, SWG, geji 28 ni milimita 0.376 na 30 ni 0.315. Jedwali la Marekani la bati la zinki, 28 hiyohiyo ni 0.475. Aluminiamu nayo huko Marekani inafuata AWG, jedwali lao la waya, na humo 28 ni 0.321, yaani karibu sawa na 30 ya Muingereza! Hata waya wa kufungia nondo, geji 16 ni 1.63 kwa SWG na 1.29 kwa AWG.

Halafu zinki na rangi. Zinki ya gramu 275 kwa mita mraba, pande mbili pamoja, inaongeza kama milimita 0.04, na tofauti ya 28 na 30 kwa SWG ni 0.06 tu, sasa muuzaji akipima na zinki na rangi juu yake bati jembamba linapandishwa daraja. Na zinki yenyewe sio ya kuidharau, kwa upepo wetu wa chumvi ndio inayozuia kutu, bati nene lenye zinki kidogo pwani halidumu. Kwa hivyo mie naona geji ibaki mdomoni, ila kwenye risiti yaandikwe mambo mawili mbalimbali: unene wa chuma kitupu kwa milimita, na gramu za zinki.

Ukipima mwenyewe kwa maikromita, kile kifaa cha kubana na kusoma unene, bana pahala palipo bapa, usibane ukingoni, pale lilipokatwa chuma kimenyanyuka na kitakupa namba kubwa ya uongo. Pima sehemu tatu nne.