Magoti ya wazee na kidonge cha kila siku

Katika familia nyingi za Dodoma kuna ubishi usiokwisha kuhusu bibi na vidonge vyake vya magoti. Mtoto aliyeko mjini, aliyesikia kwamba dawa za maumivu zinaharibu figo, anataka viachwe mara moja. Yule anayeishi naye kule Bahi au Mpwapwa, anayemsikia akigugumia usiku, ananunua vingine. Ubishi huu hautakiwi kuamuliwa kwa nani anampenda mama zaidi, kwa hiyo tuzipime hoja zenyewe.

Kwanza, kuvumilia nako kuna madhara. Mwanamke aliyeinamia jembe kwenye mashamba ya uwele na mtama tangu utotoni, akabeba ndoo za maji kichwani miaka yote hiyo, magoti yake yamesagika kweli. Akiumwa, anakaa. Akikaa wiki baada ya wiki, misuli ya mapaja inasinyaa, goti linakosa wa kulishikilia, na siku akiinuka anaanguka. Haendi tena kanisani wala msikitini, haendi msibani, vikao vya ukoo anasimuliwa. Anayemwambia mzee wa namna hii kwamba huo ni uzee tu, avumilie, anamfungia ndani.

Halafu kuna ule ushauri wa haraka: "Meza Panadol, haina madhara." Ni kweli parasetamo, dawa iliyomo ndani ya Panadol, ni salama zaidi kwa tumbo na figo, mradi mtu asipitishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kwa mzee aliyekonda au mwenye ini bovu hata hivyo ni vingi. Lakini je, inasaidia? Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 74 ya dawa za maumivu ya magoti na nyonga zilizosagika. Parasetamo peke yake ilionekana kutosaidia kiasi cha maana, na diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe ya jamii moja na ibuprofeni, kwa miligramu 150 kwa siku ikaongoza. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa mwaka 2022 nao unashauri parasetamo isitolewe kama kawaida kwa ugonjwa huu. Basi bibi anayelalamika kwamba Panadol haimsaidii asionekane msumbufu. Anasema kweli.

Kwa hiyo hoja ya diklofenaki ina uzito. Hata hatari yake ya moyo, ukiitazama kwa tarakimu, inaweza kuonekana ndogo: uchambuzi mwingine wa Lancet, wa mwaka 2013, ulikadiria kwamba kati ya watu 1000 wanaomeza dozi kubwa ya diklofenaki kwa mwaka mzima, watu 3 zaidi hupata shambulio la moyo, kiharusi au tatizo la aina hiyo, na mmoja wao hufa. Wazee wengi wangekubali hatari hiyo ili waweze kutembea, na mimi nisingewalaumu.

Ila watu wa majaribio hayo walichunguzwa kabla ya kuanza na wakafuatiliwa. Bibi wa Bahi huenda hajapimwa presha tangu mwaka juzi. Na hapa ndipo mazingira yetu yanapoongeza hatari. Diklofenaki, ibuprofeni na wenzao huzuia kemikali zinazoleta maumivu kwenye kiungo, lakini kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike kwenye figo mwili unapopungukiwa maji. Dodoma ni kukavu. Zaidi ya hapo, mzee mwenye magoti mabovu hunywa maji kidogo kwa makusudi, kwa sababu kuchuchumaa kwenye choo cha shimo ni mateso. Mwongezee kidonge cha presha cha jamii ya enalaprili au losatani, na kingine cha kukojosha, kisha diklofenaki mara tatu kwa siku: figo zimebanwa pande zote. Tumbo nalo kwa mzee linaweza kuvuja damu bila kuuma kwanza. Dalili ya mapema huenda ikawa choo cheusi kama lami au kizunguzungu.

Ninavyoona mimi, maumivu yatibiwe, lakini diklofenaki ya kumeza isigeuzwe kuwa chakula cha kila siku kwa mtu wa miaka 70. Kwa magoti na vidole, ianze ya kupaka: kiasi kidogo tu ndicho kinachoingia kwenye damu. Ikishindikana, vidonge vimezwe kwa siku chache maumivu yakizidi, kwa dozi ndogo inayotosha, pamoja na omeprazoli ya kulinda tumbo, presha na figo zikiwa zimepimwa. Mwenye figo mbovu, moyo uliochoka au aliyewahi kupata kiharusi asipewe kabisa. Na apatiwe stuli yenye tundu ya kuweka chooni, ambayo fundi seremala yeyote anaitengeneza. Ataanza tena kunywa maji.

Kabla ya yote, ugonjwa uwe na jina. Gauti, yaani maumivu ya viungo yanayoletwa na asidi ya yuriki kuzidi mwilini, ina dawa zake. Baridi yabisi inayovimbisha vidole vya mikono yote miwili na kukakamaza viungo kila asubuhi inahitaji dawa ya kuzuia ugonjwa wenyewe. Kutuliza tu ni kuacha viungo viendelee kuliwa. Na "dawa ya asili" inayomwinua mzee kitandani kwa siku moja naiogopa kuliko diklofenaki, kwa maana baadhi huchanganywa kwa siri na dawa za jamii ya prednisoloni, yaani steroidi zenye nguvu za kutuliza uvimbe, ambazo zikitumika muda mrefu hupandisha sukari na kulainisha mifupa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inawapa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo matibabu bila malipo. Lakini dawa ikikosekana dirishani, mzee anaishia duka la dawa la mtaani, na muuzaji wa pale ndiye anayemwona kila mwezi. Daktari anayeandika diklofenaki aandike na tarehe ya kuiacha, ili muuzaji huyo naye ajue wakati wa kumrudisha mzee hospitali badala ya kumuuzia pakiti nyingine.