Ndimu zilipanda bei, mapera yakaozea chini

Mnaikumbuka Februari 2021, wakati wa Corona? Waziri wa Afya wa Tanzania wa wakati ule, Dorothy Gwajima, alisimama mbele ya waandishi wa habari, ikatengenezwa juisi ya tangawizi, vitunguu, ndimu na pilipili, watu wakaambiwa wanywe na wajifukize. Kwetu mama hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikuwa anatuingiza kwenye blanketi kwa zamu, sufuria chini, ndani kuna mchaichai, mwarobaini, majani ya mkaratusi na maganda ya limao, unatoka macho mekundu jasho linatiririka halafu unaulizwa "umepona?" wakati hata hukuwa unaumwa.

Miaka imepita lakini ule ubishi bado upo, ukigusa tu mafua kwenye grupu la familia unaanza upya. Kuna wanaosema mitishamba na nyungu (ndo huko kujifukiza) ndo vilituokoa, kuna wanaosema ule ulikuwa ushamba mtupu. Mi naona wote wanagombania sufuria, sahani hakuna anayeiangalia.

Nianze na wanaotetea maana wana hoja kuliko wanavyopewa heshima. Asali kwa mfano. Madaktari Uingereza tangu 2018 mwongozo wao unashauri kikohozi cha kawaida ujaribu asali kwanza kabla ya kukimbilia antibaiotiki, kwa sababu vikohozi vingi vinaletwa na virusi na antibaiotiki haiui virusi. Kwahiyo bibi aliyekuwa anakulambisha kijiko cha asali usiku hakuwa anakosea (ila mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa jamani, asali inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kumpooza, hilo sio la kubishana). Chai ya tangawizi, supu ya moto, vinalainisha koo na mgonjwa anapata maji, na mtu mwenye homa maji ndo kitu cha kwanza anachopungukiwa.

Halafu hoja yao kubwa kabisa, artemisia, ile wengine wanaiita pakanga. Mama mmoja wa Kichina, Tu Youyou, alipekua maandishi ya kale ya dawa za kwao, miaka ya 1970 wakatoa humo artemisinini, na 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Dawa mseto unayopewa zahanati ukikutwa na malaria imetokana na huo mmea. Sasa utamwambiaje mtu majani ni ushamba?

Lakini hapo hapo ndo penye mtego. Tu Youyou hakuishia kuchemsha majani. Alitoa kile kitu chenyewe kikasafishwa, kikapimwa dozi, kikajaribiwa kwa watu, na siku hizi kinaunganishwa na dawa nyingine ili vimelea visizoee. Shirika la Afya Duniani (WHO) halishauri chai ya artemisia kutibu malaria kwa sababu kwenye kikombe hujui umekunywa kiasi gani. Na ile chupa ya dawa ya mitishamba ya Madagascar tuliyoifuata kwa ndege Mei 2020, yenye artemisia hiyo hiyo, haikuwahi kukubalika na WHO kama dawa ya Corona. Kitunguu saumu nacho hivyo hivyo, ukikiponda kinatoa alisini ambayo maabara inaua bakteria kweli, watu wanaishia hapo wanashangilia, ila kwenye kisahani cha maabara hata jiki inaua bakteria na hakuna anayekunywa jiki. Na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda usile vitunguu saumu vya dozi dozi bila kumwambia daktari wako.

Sasa ndimu. Hapa ndo huwa nacheka peke yangu. Ndimu mtaani kwetu zilipanda bei hadi zikawa zinahesabiwa kama mayai, zote kwa ajili ya vitamini C. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 75 mpaka 90 kwa siku. Chungwa lina kama 50 na kidogo katika gramu 100, ndimu iko chini ya hapo, pera lina zaidi ya 200. Yani pera moja la kawaida linakumalizia siku, na mapera yenyewe yalikuwa yanaanguka yanaoza chini ya mti uani, tunayapiga mateke. Na ile ndimu ya bei mbaya tukaitumbukiza kwenye maji yanayochemka wakati vitamini C haipendi moto hata kidogo.

Hata ukiipata yote, inafanya nini? Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2013 zilionesha watu wa kawaida wanaokunywa vitamini C kila siku hawapungukiwi mafua, wanayapata kama wengine, ila yanaisha mapema kidogo, asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Mafua ya wiki nzima yanapungua nusu siku hivi. Walionufaika kweli ni kama wakimbiaji wa marathoni na wanajeshi kwenye baridi kali. Vile vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 1000 kiasi kikubwa unakikojoa tu, ukizidisha unaharisha.

Na hili neno "kuongeza kinga" lenyewe linanisumbua. Watu wanaichukulia kinga kama tenki la maji, jaza jaza. Kinga ikichachamaa kupita kiasi ndo hizo pumu na aleji, au lupasi, ambapo mwili unajishambulia wenyewe. Unachotaka ni kinga isiyo na njaa. Mwili uliokosa protini, zinki, vitamini A, chuma, hauwezi kutengeneza askari wa kutosha hata ukiufukiza asubuhi mpaka jioni. Ndo maana mtoto wa miezi 6 mpaka 59 anapewa tone la vitamini A kila baada ya miezi sita.

Tazama Iringa. Mkoa unalima mahindi, viazi, maharage, halafu utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ukakuta zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Tumbo limejaa ugali lakini dagaa, yai, papai, mchicha havipo sahanini, au vipo vikauzwa. Hapo ndo kinga inapopotelea na hakuna waziri atakayeita waandishi aonje dagaa, maana dagaa hawana stori.

Nyungu yenyewe sina ugomvi nayo kama starehe, pua inafunguka, unalala vizuri. Ugomvi wangu ni mawili. Moja ni watoto, sufuria la maji ya moto chini ya blanketi na mtoto anayetapatapa, hiyo ni ajali inasubiri tu. La pili ni pale ilipogeuzwa kuwa mbadala. Januari 2021 Rais Magufuli alitia shaka chanjo hadharani, takwimu za Corona zilishasimama tangu mwaka uliotangulia zikiwa wagonjwa 509, na mpaka Rais Samia anachomwa chanjo mbele ya kamera Julai 28, 2021, kuna watu mtaani walishaamua sindano ni ya kazi gani wakati tangawizi ipo. Ile juisi ingeweza kukaa mezani pamoja na chanjo bila ugomvi wowote.

Juzi nilimpelekea mama mfuko wa mapera nikamweleza habari yote hii ya miligramu. Akasikiliza vizuri kabisa mpaka mwisho, akaupokea mfuko, akaniuliza, "Sawa mwanangu, sasa haya unayachemsha na nini?"