Anayeishi juu ya handaki naye asikilizwe

Wakazi wa Sydney wanaopinga mahandaki ya barabara chini ya nyumba zao huitwa wabinafsi: wanataka kufika haraka, ila njia ipite kwa jirani. Lawama hiyo inawaonea.

WestConnex, mtandao wa barabara kuu za kulipia mjini humo wa kilomita 33 uliokamilika mwaka 2023, ungepita wote juu ya ardhi ungefuta mitaa mizima. Hata hivyo nyumba za kitongoji cha Haberfield zilibomolewa kupisha milango ya handaki. Barabara ya Parramatta imelemewa na malori miaka mingi, na wanaoishi kandokando yake wana mapafu kama wengine. Hoja hiyo ya kupeleka magari chini ya ardhi ni nzito. Kuhusu minara inayotoa moshi wa mahandaki bila vichujio, serikali husema moshi hurushwa juu ukatawanyika, na hapo wahandisi wana hoja kuliko wapinzani wengi wanavyokubali.

Kinachoniudhi ni sheria ya New South Wales, jimbo lenye Sydney, ya mwaka 1991 kuhusu utwaaji wa ardhi. Serikali ikitwaa ardhi iliyo chini ya kiwanja chako ili kupitisha handaki, hulipwi fidia, isipokuwa ardhi ya juu imevurugwa au imepoteza mhimili kwa sababu ya ujenzi. Watetezi husema hakuna aliyekuwa akiutumia mwamba huo. Sawa. Lakini ukuta ukipasuka, nani athibitishe chanzo? Kuna udongo wa mfinyanzi unaosinyaa wakati wa ukame, kuna mizizi ya miti, kuna uzee wa nyumba. Kila kimoja ni jibu tayari mdomoni mwa mkandarasi. Ukaguzi wa nyumba kabla ya uchimbaji husaidia, na kila mwenye nyumba aukubali na kuitunza ripoti yake. Bado mstaafu mwenye picha za nyufa anakabiliana na watu wenye wahandisi na mawakili wao.

Wala hofu hiyo si ya kubuni. Novemba 2005, handaki la Lane Cove likiwa bado linachimbwa, ardhi iliporomoka na jengo la makazi likabaki ukingoni mwa shimo; wakazi wakahamishwa. Ni tukio la nadra, lakini aliyelala juu ya uchimbaji hapimi usingizi wake kwa wastani.

Halafu tazama fedha. Mwaka 2018 serikali iliuza asilimia 51 ya WestConnex kwa muungano ulioongozwa na Transurban, kampuni ya barabara za kulipia, kwa dola za Australia bilioni 9.26. Mwaka 2021 ikauza asilimia 49 iliyobaki kwa bilioni 11.1. Mali ya thamani hiyo inapita chini ya viwanja ambavyo wenyewe hawakulipwa hata senti kwa kilichotwaliwa!

Sisemi mahandaki yasichimbwe. Kila kiwanja kinachopitiwa chini kilipwe kiasi maalumu, hata kidogo. Na ufa unaotokea wakati wa uchimbaji, au katika miaka michache inayofuata, uhesabiwe kuwa wa handaki mpaka mkandarasi athibitishe vinginevyo.