Nguruwe anayekataliwa mchana huchinjwa usiku

Mnunuzi mzoefu wa nguruwe huko Mbozi au Mbulu hatoi hela kabla hajaangalia ulimi. Mnyama analazwa, mdomo unapanuliwa kwa kijiti, ulimi unavutwa na kupapaswa upande wa chini. Akikuta vijivimbe kama punje za mchele, anajua nguruwe ana tegu: lava, yaani watoto wa mnyoo, wamejificha kwenye nyama. Ungedhani biashara imekufa. Wapi! Inashuka bei tu. Nguruwe yule atachinjwa uani gizani, mkaguzi asimwone, na kesho yuko kwenye karai la kitimoto.

Mfugaji simlaumu sana. Akimpeleka machinjioni nyama itateketezwa, naye atarudi mikono mitupu, wakati ada ya mtoto ilikuwa inamtegemea huyo huyo nguruwe. Ukimbebesha mtu mmoja hasara yote, lazima atajificha. Tena ulimi hausemi kila kitu: nguruwe mwenye vijivimbe vichache hupita kama mzima.

Kinachonikera zaidi ni jinsi tunavyoielewa hatari yenyewe. Ukila nyama mbichi-mbichi yenye tegu, unapata mnyoo tumboni, wa mita kadhaa, na huenda usihisi lolote. Kifafa kinakuja kwa njia nyingine: mayai ya mnyoo huo hutoka na kinyesi cha aliye nao, yakaishia kwenye maji, mchicha au mikono ya mpishi. Yakimezwa, lava wake huweza kufika hadi kwenye ubongo. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe yumo. Mwaka 1992 madaktari wa New York waliripoti wagonjwa wanne wenye lava hao ubongoni, kutoka jamii ya Wayahudi wa Kiorthodoksi, watu ambao nguruwe kwao ni mwiko. Walioshukiwa kuleta mayai ni wasaidizi wa nyumbani waliotoka nchi zenye tegu. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi yenye tegu, takriban asilimia 30 ya kifafa inatokana nalo. Sisi bado tunatafuta nani karoga.

Misako ya machinjio bubu haitoshi. Chanjo ya nguruwe dhidi ya tegu, TSOL18, ipo; dawa ya kuwatibu, oksifendazoli, ipo. Vyoo na mabanda vitachukua muda. Mimi ningeanza na fidia, hata nusu ya bei, ili mfugaji awe na sababu ya kwenda machinjioni mchana.

Na wewe uliyeagiza nusu kilo, mwambie mchomaji akate vipande vidogo. Ikija nyekundu ndani, irudishe jikoni, hata kama mpira umeshaanza.