John Barry hakutuibia ngoma

Ikitajwa Out of Africa mbele ya wanamuziki wa Nairobi, lawama huwa ile ile: filamu imepigwa Kenya, kuanzia Karen hadi Mara, lakini muziki wake ni wa Kizungu mtupu. Ndege ya Denys, mpenzi wa Karen Blixen katika hadithi hiyo, inapita juu ya Bonde la Ufa, fidla zinapanda polepole, ngoma haisikiki. Lawama hiyo ina uzito wake, ila nadhani anatwishwa asiyestahili.

Mwongozaji Sydney Pollack alikuwa amefikiria kutumia muziki wa kiasili wa Kiafrika. Mtunzi, John Barry, akampinga. Hoja yake ilikuwa kwamba filamu hii haihusu Afrika. Inahusu watu wawili wanaopendana, ambao wako Afrika tu. Kwa mara ya kwanza kauli hiyo inaudhi. Ardhi ya watu, jasho la watu, halafu haihusu Afrika? Lakini Barry alikuwa mkweli kuliko filamu yenyewe. Karen Blixen alirudi kwao Denmark mwaka 1931, shamba lake la kahawa hapa Kenya limemshinda, na kitabu chake kilichozaa filamu hii kikatoka 1937. Tunachokiona ni kumbukumbu za mama wa Kizungu, na Barry aliziandikia muziki unaofanana naye. Angeweka ngoma chini ya mahaba ya waigizaji Streep na Redford, zingekuwa pambo tu, kama mkuki na ngao kwenye ukuta wa hoteli. Na ngoma za namna hiyo tumeshazisikia za kutosha kwenye sinema za zamani: zikianza kulia porini, Mzungu anashika bunduki.

Wakosoaji wana jibu zuri, nalo limo kitabuni humo humo. Blixen aliandika kirefu kuhusu ngoma zilizochezwa shambani kwake, na jinsi wazee wa Kikuyu walivyofika siku moja wamejipamba tayari kucheza, ikaja barua ya serikali kuwapiga marufuku. Kwa hiyo sauti ilikuwepo, na mwenye kitabu aliisikia. Nakubali. Ila kuingiza ngoma ile au kuiacha ni kazi ya mwandishi wa mswada na mwongozaji. Mtunzi huletewa picha zikiwa tayari.

Kuna hesabu moja isiyoniachia. Barry alipata Oscar tano maishani. Mbili zilitokana na Born Free ya 1966, ile ya simba Elsa, moja na Out of Africa. Yaani tatu kati ya tano zilitoka kwenye filamu zilizopigwa Kenya, zikaenda kwa kijana wa York, Uingereza. Inauma, sikatai. Lakini ni nani hapa aliyeporwa? Solomon Linda, mwanamuziki wa Afrika Kusini, aliurekodi wimbo wake Mbube Johannesburg mwaka 1939, haki zake zikauzwa kwa shilingi kumi, wimbo ukazunguka dunia hadi ukafika kwenye The Lion King ya 1994, na familia yake ikapata suluhu mwaka 2006 baada ya kwenda mahakamani. Huo ndio uporaji. Barry hakuchukua hata noti moja ya muziki wa Mkenya. Wanaopaswa kuulizwa ni waliokuja baadaye na kuugeuza muziki wa mapenzi ya Wazungu wawili kuwa sauti ya kuuzia mbuga zetu, na wengi wao ni sisi wenyewe.

Na tukipata sinema yetu yenye muziki wetu, tunaifanyia nini? Rafiki ilipigwa hapa Nairobi, ikabeba wimbo wa Suzie Noma wa Muthoni Drummer Queen, ikafika Cannes mwaka 2018. Nyumbani ilipigwa marufuku kwa sababu ya mapenzi ya wasichana wawili, na Septemba mwaka huo mahakama ikaifungulia siku saba tu. Bodi iliyoizuia ina ofisi hapa hapa mjini. Wanaomwandama Barry, aliyefariki 2011, wangeanzia huko.