Mzigo Upo, Bei Ndiyo Haipo

Leo alfajiri, mswaki sijautia mdomoni, simu inalia. "Mkuu, mzigo upo!" Dalali hana shikamoo, hana habari za watoto. Mbolea, tani 30, Dar kwenda Mbeya. Bei? "Sitini na tano." Sitini na tano nini? "Elfu, mkuu, kwa tani." Nikakaa kitandani taratibu, mama Salma akageuka kuuliza nani kafariki.

Sasa mimi ni mtu na heshima zangu. Nina semi moja, kichwa na tela, kadi ina jina langu (na la benki, ila hayo tuyaache). Mtu wa aina hiyo hafokeani na watu simuni. Nikachukua daftari la hisabati la Salma, nikapiga hesabu kistaarabu. Elfu 65 mara 30, milioni 1 laki 9 na nusu. Njia ni kilomita mia nane na ushee, na gari likishiba mzigo, lita moja ya dizeli inakupeleka kilomita mbili, kwenye mlima Kitonga hata mbili hazifiki. Weka posho, weka tairi lenye upara kuliko mimi, weka yale ya njiani tunayoyajua. Halafu urudi, na huenda ukarudi mtupu. Salma akachungulia jibu akasema, "Baba, hapo umesahau kuweka alama ya kutoa."

Nikampigia dalali. Mbona juzi ilikuwa tisini? "Magari mengi, mkuu." Magari yakipungua je? Hapo mzigo ni mdogo. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo za mafuta. Zikishuka shilingi thelathini, dalali huyu ndiye wa kwanza kuniamsha tujadili upya. Zikipanda, siku hiyo redio yake haina betri.

Basi nikavaa shati la pasi, nikaenda na gari hadi kijiweni kwao nimtafute mwenye mzigo, mtu mzima kwa mtu mzima. Dalali wangu nikamkuta na kahawa ya mkopo. Mwenye mzigo ni nani? Akakohoa. Kumbe hamjui. Kapewa na "kaka mmoja wa Temeke". Kaka wa Temeke kapigiwa, naye kapewa na bamdogo wake. Bamdogo yuko wapi? Bamdogo ni yule aliyekaa benchi hilohilo, ubavuni kwangu, muda wote anatafuna kashata na kutikisa kichwa kunionea huruma! Nikamgeukia. Bamdogo naye akasema kwa upole, "Mimi nimeletewa na dogo mmoja, anayajua sana magodauni." Mpigie huyo dogo, nikasema, na sauti ilishaanza kupanda. Akapiga. Tukatulia kusikiliza. Simu ikaita. Ikaita nje. Ikaita ndani ya gari langu.

Sudi, tandiboi wangu, akachomoza kichwa dirishani na usingizi machoni: "Haloo, mzigo bado upo!"

Jamani. Huyu mtu anakula kwangu! Nikamshusha, nikamsimamisha mbele ya baraza zima. Yeye kaupata kwa mlinzi wa godauni, siku tuliyoshusha pale tukakaa siku mbili tukisubiri makuli. Mwenye mzigo anatoa tisini. Mlinzi katoa elfu tano yake, Sudi tano, bamdogo tano, Temeke tano, na huyu wa kahawa ya mkopo tano. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufunga turubai. Nikamuuliza Sudi kwa nini hakuniambia mimi moja kwa moja. Hakuona haya: "Mzee, wewe ungenipa kamisheni?" Baraza likaguna. Bamdogo akasema kijana ana hoja.

Tukamrukia mlinzi kwa simu. Akasema mzigo umeshaondoka. Kuna gari limeupakia kwa sitini.

Kwa sitini! Ni mwendawazimu gani anabeba Mbeya kwa sitini? Nilitaka kutukana, nikanyamaza, kwa sababu namjua. Mwezi wa tatu nilibeba kwa hamsini na nane. Gari lilikuwa limelala siku tisa, rejesho la benki linanipigia simu kuliko mke. Ukilala siku tisa, hata nauli ya hasara unaiona neema. Tena hiyo hamsini na nane yenyewe nilipewa kianzio tu. Salio, dalali akasema, nikirudi na karatasi zimegongwa mhuri. Nikazirudisha zimegongwa. Akasema mhuri hausomeki. Nikampelekea picha. Akasema mhasibu kasafiri. Huyo mhasibu anasafiri kuliko mimi dereva! Mwaka mzima yuko safari, na mimi mshahara wa Sudi nimeukalia, ndiyo maana kijana kaingia udalali. Sasa nimkasirikie nani?

Na wengine wanakwambia, "Ongeza tani mbili za shemeji, hazitaonekana." Mizani ya kupimia malori pale Vigwaza wanadhani ni ya muuza nyanya.

Nikaondoka. Muuza kahawa akanizuia: vikombe kumi na vinne, na kashata. Eti analipa tajiri mwenye gari. Nikalipa.

Nafika nyumbani, mama mkwe yuko hewani. Kasikia naenda Mbeya, nimletee gunia moja la mchele wa Kyela, si zito. Nikamuuliza, mama, nani kakwambia naenda Mbeya? "Sudi," akasema. Heshima inanizuia kumuuliza kama naye katozwa elfu tano.